Jedwali la BMI mlilochapa ni la watu wazima, tuwekeeni na la watoto

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma mjini, mwaka wa 22 sasa niko kwenye kazi hii, na gazeti lako nalisoma kila wiki kwa sababu kuna mteja wangu mmoja akishamaliza kulisoma huwa analiacha kibandani kwangu, basi linazunguka, wanasoma mafundi wenzangu, wanasoma wateja wanaosubiri, na watoto wakitoka shule nao wanasoma. Naandika kwa sababu ya kitu mlichokiweka kwenye ukurasa wa afya miezi kadhaa nyuma. Mliweka jedwali la BMI, ule uwiano wa uzito na urefu, limechapwa vizuri na rangi, chini ya 18.5 uzito pungufu, 18.5 mpaka 24.9 uzito sawa, 25 mpaka 29.9 uzito uliozidi, 30 kwenda juu unene uliokithiri, na mkaongeza kwamba chini ya 16 ni ukondefu mkali. Namba zenyewe hazina kosa, ndio hizo hizo za Shirika la Afya Duniani. Ila hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema jedwali hilo ni la nani, na juu mkaandika kwa herufi kubwa PIMA FAMILIA YAKO.

Basi mwanangu akajipima.

Ana miaka 10, yuko darasa la nne, mtoto anayejua hesabu. Alikuja kibandani jioni akalisoma lile jedwali, akamsimamisha kijana mmoja anayepita sokoni na mizani ya kupima uzito kwa shilingi 200, nikamlipia nikijua anacheza tu, mizani ikasema kilo 29. Urefu nikampima mwenyewe kwa futi yangu ya kazi, nikamsimamisha kwenye mwimo wa mlango, sentimita 135. Akachukua simu yangu akafanya hesabu kama mlivyoelekeza, kilo gawanya kwa urefu wa mita mara urefu wa mita, ikaja 15.9. Akashuka na kidole kwenye jedwali mpaka chini kabisa kwenye ile rangi nyekundu. Akaniuliza, baba, mimi nina ukondefu mkali? Nikamwambia hapana, lakini nilivyosema hapana nilikuwa sijui kitu, nilikuwa namtuliza tu, na yeye aliona kwamba sijui.

Nyumbani ndio ikawa kazi. Mama yake aliposikia alishika mdomo. Kesho yake jirani akamvuta pembeni akamwambia mpelekeni mtoto akapimwe ile kitu, si unajua huku kwetu mtu akionekana amekonda la kwanza watu wanawaza nini. Mama mkwe kutoka Mpwapwa akatuma karanga gunia nusu na unga wa uwele. Duka la dawa wakatuuzia shurubati ya kuongeza hamu ya kula bila hata kuuliza mtoto anakulaje, na ukweli ni kwamba anakula vizuri tu, ugali na mlenda anamaliza sahani anaomba tena, ni mtoto wa kukimbia kutwa nzima. Ile dawa ikawa inamlaza, darasani anasinzia, mwalimu akatuita. Tukawa tunamlazimisha uji asubuhi vikombe viwili, mchana, usiku, anatapika, mama yake analia. Na kitu ambacho mpaka leo kinaniuma, wiki ya pili nilimwona asubuhi anavaa mashati mawili, moja juu ya jingine, na joto lote hili. Mimi ndio fundi wake, nguo zake zote nimemshonea mwenyewe, nikajua mara moja kwanini anavaa mawili. Alitaka aonekane amejaa.

Siku hiyo hiyo nikafunga kibanda nikampeleka zahanati. Na hapa Mhariri ndio naomba usome taratibu, mana yule nesi kabla hajagusa mizani aliuliza vitu viwili ambavyo jedwali lenu halikuuliza, huyu ni wa kiume au wa kike, na tarehe yake ya kuzaliwa ni lini, tena alitaka mwaka na mwezi. Alafu akafungua chati. Mistari inapanda na kupinda, chini umri, pembeni BMI, na kuna chati ya wavulana na nyingine ya wasichana. Akaweka kidole kwenye miaka 10, akapanda mpaka 15.9, akanionyesha. Mstari wa katikati kwa mvulana wa miaka 10 ni kama 16.4. Mstari wa kuanza kusema mtoto huyu amekonda uko 13.7. Mwanangu alikuwa karibu na katikati, yani yuko sawa kama watoto wenzake wengi tu duniani. Nesi akasema baba, hii dawa acha leo leo, na uji mrudishie kikombe kimoja.

Nilikaa kwenye benchi pale nje nikamshika mtoto mkono, sikuwa na la kusema.

Sasa nilivyorudi nilikuwa na hasira na nyinyi, sifichi. Lakini nikaanza kuuliza, nesi yule ni mteja wangu sasa, magauni yake ya kitenge nashona mimi, na kila akija namuuliza, na mengi aliyonieleza nikakuta nilishayaona kwenye futi yangu miaka yote hii bila kujua yana maana gani. Ndio maana naona niandike marefu kidogo.

Mtoto sio mtu mzima mdogo. Hilo fundi yeyote anayeshona sare za shule analijua, ukichukua patani ya suruali ya baba ukaipunguza tu haimkai mtoto, kiwiliwili chake na miguu yake havina uwiano ule. Na kila Januari nikishona sare naona kitu kile kile. Mtoto wa mwaka mmoja anakuwa amejaa, mashavu, mapaja ya kukunjika. Akifika miaka 5, 6, ule unono unaondoka, anabaki miguu mirefu na mbavu zinaonekana, wazazi wanaogopa, kumbe ndio mwili unavyokwenda. BMI yenyewe inafanya hivyo, inapanda mwaka wa kwanza, inashuka mpaka kwenye miaka 5 au 6 ambapo katikati yake ni kama 15 na kitu, alafu inaanza kupanda tena taratibu, miaka 10 iko 16 na nusu hivi, miaka 15 iko karibu 20, na ikifika miaka 19 ndio inakutana na jedwali la watu wazima, mstari wa uzito uliozidi kwa miaka 19 uko 25.4 kwa wavulana na 25.0 kwa wasichana, yani ile 25 yenu. Kwa hiyo ile 18.5 mliyoiweka kama mwanzo wa uzito sawa, kwa mtoto wa miaka 10 haina maana hiyo kabisa. Mvulana wa miaka 10 mwenye 18.5 tayari yuko kwenye mstari wa uzito kuzidi! Mnaona jinsi ilivyo hatari. Mzazi akifuata jedwali lenu atamlisha mtoto wake mzima mpaka afike kwenye uzito mbaya, na atafurahi kwamba sasa ndio amefika sawa.

Na upande wa pili pia upo, huo ndio hausemwi. Juzi nimempima sare mtoto wa miaka 8, mama yake alikuja naye na soda mkononi, nikapata kiuno karibu sawa na cha mtoto wa darasa la saba. Mama akaniambia kwa furaha kwamba alimpima kwa jedwali la gazeti akapata 21, yuko katikati kabisa ya uzito sawa. Kilo 34, urefu sentimita 127. Kwa mtu mzima 21 ni nzuri sana. Kwa mtoto wa miaka 8, awe wa kike au wa kiume, 21 imeshavuka mstari wa unene uliokithiri. Nilimwambia taratibu aende kliniki, nikamwambia na nilivyoambiwa mimi, kwamba mtoto wa umri huo kwa kawaida hapunguzwi kwa kunyimwa chakula, anapunguziwa soda na chipsi na kukaa kwenye simu, anaachwa acheze, urefu wake unakuja kuukuta uzito. Alinisikiliza lakini alinijibu, fundi, gazeti limesema yuko sawa. Ningemjibu nini hapo?

Kuhusu wasichana na wavulana kwanini chati ni mbili, hii nayo ilinifungua macho. Wasichana wanaanza kubalehe mapema kuliko wavulana, na mwili wao ukianza kubadilika unaweka mafuta kwenye nyonga na mapaja, hiyo ni kazi ya mwili sio ugonjwa. Ndio maana kwa miaka 13 mstari wa uzito uliozidi kwa mvulana uko 20.8 na kwa msichana 21.8. Mimi naona kwenye sketi, binti wa darasa la sita nimemshonea Januari, ikifika Juni mama yake anarudi hipsi zimebana kiuno kiko vile vile, na kuna wengine wanamsema mtoto mbele yangu, wewe unakula sana angalia unavyonenepa, na mtoto anainamisha kichwa. Wazazi wenzangu nawaomba sana, binti wa umri ule akinyimwa chakula kwa sababu ya hipsi mnamuumiza, mwili unajenga mifupa wakati huo na damu ya mwezi inaanza. Kama kuna wasiwasi kuna chati, nendeni mkaonyeshwe kidole kinaangukia wapi.

Chati zenyewe nimeambiwa zimetoka wapi. Za watoto chini ya miaka 5 zilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 baada ya kupima watoto waliolelewa vizuri kwenye nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na zile za miaka 5 mpaka 19 zikatoka 2007. Nilifurahi kusikia Ghana ipo. Lile jedwali la watu wazima nalo lina historia yake. Hesabu yenyewe ya kilo kwa urefu mara urefu ilianzishwa kwenye miaka ya 1830 na Mbelgiji mmoja anaitwa Adolphe Quetelet, huyu alikuwa mtu wa hesabu na nyota, sio daktari, alikuwa anatafuta mtu wa wastani yukoje, hakuwa anatafuta mgonjwa. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kwenye utafiti wa Mmarekani Ancel Keys na wenzake, na watu waliopimwa kwenye utafiti ule walikuwa wanaume. Sisemi kwamba kipimo ni kibaya, mahospitali yote yanakitumia na kinasaidia kuona watu wengi kwa pamoja, ila mtu akijua kilitoka wapi hawezi kukibandika juu ya mtoto wa darasa la nne.

Nikija kwa watu wazima wenyewe, ambao ndio jedwali ni lao, napo futi yangu inasema mambo ambayo mizani haiyasemi. Nina mteja kijana anabeba magunia sokoni, urefu 170, kilo 81, BMI yake 28, kwenu yuko kwenye uzito uliozidi. Kiuno chake inchi 33, mgongo na mabega hayaingii kwenye shati la dukani ndio maana anakuja kwangu. Nina mteja mwingine yuko ofisini Mtumba, urefu 172, kilo 71, BMI 24, safi kabisa kwenye jedwali. Kiuno chake inchi 39, mikono myembamba, tumbo gumu limetoka mbele. Huyu wa pili ndio ana presha, ameniambia mwenyewe. Mizani haijui kama kilo ni ya msuli au ya mafuta, na hata ikijua ni mafuta haijui yamekaa wapi, na yale ya tumboni yanayozunguka ini na utumbo ndio yanaleta kisukari na presha na magonjwa ya moyo kuliko yale ya makalio na mapaja.

Kwa mwanaume kiuno kikivuka sentimita 94, kwetu mafundi ni inchi 37, hatari imeanza kupanda, na kikivuka 102, yani inchi 40, imepanda sana. Kwa mwanamke ni sentimita 80 na 88, kama inchi 31 na nusu na inchi 35 kasoro kidogo. Tofauti hiyo ya mwanaume na mwanamke ipo kwa sababu ya maumbile. Mwanamke na mwanaume wenye BMI ile ile, mwanamke kwa kawaida ana mafuta mengi zaidi mwilini, na hiyo ni sawa kwake, ameumbwa hivyo kwa ajili ya uzazi, mradi yamekaa chini. Nina wateja wawili wa kike BMI zao zinakaribiana, zote 29 hivi. Mmoja kiuno 33 hipsi 44, ukigawanya unapata 0.75. Mwingine kiuno 39 hipsi 42, unapata 0.93. Kwa mwanamke ikivuka 0.85 ndio shida, kwa mwanaume 0.90. Hawa wawili kwenye jedwali lenu ni mtu mmoja, kwenye futi yangu ni watu wawili tofauti kabisa, na yule wa kwanza ndio anasemwa mtaani kwamba amenenepa kwa sababu hipsi zinaonekana.

Na akina mama wakishafika miaka 50 hivi, hedhi ikikata, naona kitu kimoja kwa karibu kila mteja. Wananiambia fundi niachie kiuno, hipsi acha kama zilivyo. Uzito wanasema haujabadilika. Mafuta ndio yamehama, kutoka chini yanakuja tumboni, BMI imekaa pale pale na hatari imebadilika.

Wanaume wenzangu hapa lazima niseme. Mwanaume anakuja ananiambia mimi navaa 34, toka nioe navaa 34. Kweli anavaa 34, kwa sababu mkanda anaufunga chini ya tumbo! Pale sio kiuno, pale ni nyonga. Kiuno cha afya kinapimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ule mfupa wa juu wa nyonga, umesimama, umetoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani, na futi isikaze. Nimewapima wengi hivyo, mtu wa 34 anatoka na 41. Ananyamaza. Kama huna futi chukua kamba, ikate iwe sawa na urefu wako toka unyayo mpaka utosi, ikunje katikati ibaki nusu, izungushe kiunoni. Ikifika na kukutana uko vizuri, isipofika tumbo limezidi nusu ya urefu wako, na hiyo inafaa kwa mwanaume na mwanamke pia.

Wajawazito sitasema mengi, ila hilo jedwali wasilisogelee. Mtoto, maji, kondo, damu iliyoongezeka, vyote viko kwenye mizani, BMI ya mimba ya miezi saba haisomwi kwa jedwali lenu. Kinachoangaliwa ni uzito aliokuwa nao kabla au mwanzoni mwa mimba, kama alikuwa sawa anategemewa kuongezeka kilo 11.5 mpaka 16, aliyeanza mwembamba zaidi ya hapo, aliyeanza mnene pungufu ya hapo. Ndio maana kliniki inasisitiza kuanza mapema. Na ndugu zetu wenye asili ya Asia, nina wateja wa Kihindi wa miaka mingi hapa mjini, kwao hatari inaanza mapema, Shirika la Afya Duniani toka 2004 limependekeza waanze kujiangalia wakifika 23.

Wazee sasa. Hili naliandika kwa sababu ya mzee mmoja ambaye namshonea kanzu toka nimeanza kazi. Alikuwa jeshini, kwa hiyo urefu wake anaujua kwa uhakika, 168, na uzito wake wa zamani kilo 68. Hiyo ni BMI 24.1. Mwaka huu alikuja akaniambia kanzu zote zinaburuta. Nikampima, amepungua, sasa ni 163, mgongo umeinama na pingili zimekaa. Uzito kilo 64. Piga hesabu, unapata 24.1 ile ile. Yani amepoteza kilo nne na jedwali halijaona kitu, kwa sababu urefu nao umeondoka. Na kilo zilizoondoka sio za tumbo, tumbo limeongezeka inchi mbili, zilizoondoka ni za mapaja na vigimbi na mikono, ni msuli. Nikamuuliza mzee unainukaje kwenye kiti, akasema nashika meza. Nesi aliniambia kwa wazee tupime kigimbi pale penye unene zaidi, kikiwa chini ya sentimita 31, kama inchi 12 hivi, ni dalili kwamba msuli unaisha. Cha mzee kilikuwa 29.

Na watoto wake walikuwa wamemkataza maharage na nyama na maziwa wakisema baba ana tumbo apunguze kula. Mzee wa miaka 76. Anatakiwa ale hasa vyakula vya kujenga mwili, atembee, ainuke na kukaa mara nyingi kila siku ili miguu ipate nguvu, kwa umri huo kukonda ni hatari kuliko kuwa na kilo mbili tatu zaidi, akianguka nyonga ikavunjika ndio tumempoteza. Madaktari wengi wa wazee hawamsumbui mzee mwenye 26 au 27 kama ana nguvu na anatembea, lakini mzee aliyeshuka kilo nne bila kupanga wanamfuatilia kwa haraka, hata kama BMI yake inasoma vizuri.

Kuna jambo moja la mkoa wetu ambalo nisingependa likasahaulika. BMI haioni udumavu. Mtoto aliyedumaa ni mfupi, na kwa kuwa urefu uko chini kwenye hesabu, BMI yake inaweza kutoka nzuri tu, wakati mwingine juu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mimi naletewa mtoto wa darasa la tatu anavaa sare ya darasa la kwanza, mwili umejaa vizuri, mzazi anasema huyu ni mfupi wa ukoo wetu. Huenda ni kweli, lakini hilo linajulikana kwa chati ya urefu kwa umri, iko kwenye kadi ya kliniki, na wengi wetu kadi zile tunaziacha mtoto akimaliza chanjo. Msizitupe jamani. Na kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 kuna ule utepe wa kupima mkono, ikisoma chini ya sentimita 11.5 mkimbizeni kituoni siku hiyo hiyo.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili. Chapeni tena ule ukurasa. Jedwali la watu wazima libaki lakini juu yake muandike kwa herufi zile zile kubwa kwamba ni la miaka 20 na kuendelea na sio la wajawazito. Pembeni muweke chati ya wavulana na chati ya wasichana, miaka 5 mpaka 19, zipo na zinapatikana bure, Taasisi ya Chakula na Lishe nadhani hawatakataa kuwasaidia kuziweka kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Muweke na mchoro wa kupima kiuno, wa mwanaume na wa mwanamke, unaoonyesha mkanda uko wapi na kiuno kiko wapi. Mkikosa wa kuwachorea mimi nipo, futi ninayo na wateja watakaokubali kupigwa picha nitawapata. Na walimu watakaosoma hii, mkiwapima watoto shuleni msisome namba kwa sauti mbele ya darasa, mpeni mzazi kwenye karatasi.

Mwanangu anaendelea vizuri. Ilichukua muda mpaka akaacha kujiangalia mikono, kuna jioni alikuwa anazungusha vidole kwenye kifundo chake cha mkono anapima kama vinakutana. Wiki iliyopita nimempima suruali mpya, kiuno ni kile kile cha Januari, urefu umeongezeka inchi moja na robo, nikamwonyesha kwenye futi akasoma mwenyewe. Lile jedwali lenu bado liko ukutani kibandani, sijalitoa kwa sababu wateja wazima linawafaa, ila nimeandika juu yake kwa maka peni nyeusi WATU WAZIMA TU, WATOTO NENDA KLINIKI NA TAREHE YA KUZALIWA, na shati moja kati ya yale mawili ameshampa mdogo wake.

Wako msomaji,
Fundi cherehani, Majengo, Dodoma